Nimeletewa kura ya kumchagua kiongozi wa mambo ya uendelevu Academy of Management. Nitumie kipimo gani?

Mwalimu wa Zamu (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Naleta hili hapa kwa sababu kazini sina wa kuongea naye. Nikiligusa kwenye chumba cha walimu, mtu anauliza "posho shilingi ngapi?" na mazungumzo yanaishia hapo.

Mimi nafundisha menejimenti chuo kimoja hapa Morogoro. Huu ni mwaka wa tatu niko Academy of Management, kile chama cha wasomi wa menejimenti kilichoanzishwa Marekani mwaka 1936. Makao yake yapo jimbo la New York, ila wanachama wametapakaa nchi zaidi ya 100. Ukilipa ada unachagua divisheni zako. Moja ya zangu inaitwa Organizations and the Natural Environment, wenyewe wanaiita ONE. Hao ndio wanaohangaika na kampuni na mazingira: nani anachafua, nani analipa, na kwa nini meneja anayejua kabisa kwamba mto unakufa bado anafungulia maji machafu usiku watu wakishalala.

Sasa msimu wa kura umefika na barua pepe yangu ninayo. Wagombea ni wawili. Majina sitaji, si mahali pake, na wote ni watu wa heshima zao.

Wa kwanza ana machapisho mpaka unachoka kushusha ukurasa. Anasema atainua hadhi ya utafiti wa uendelevu ili usionekane somo la pembeni, maana hata leo kuna vyuo ambako mtu wa fedha anapanda cheo haraka na mtu wa mazingira anaambiwa "andika kitu cha maana". Hapo nilitikisa kichwa peke yangu.

Wa pili machapisho yake ni ya wastani. Anasema hatuwezi kuandika kila siku kuhusu hewa ukaa huku kila mwaka tunapanda ndege kwa maelfu kwenda kukaa kwenye hoteli yenye kiyoyozi. Anataka mkutano mkuu wa mwaka wa chama upunguze safari, watu wahudhurie mtandaoni au wakutane kikanda. Hapo pia nilitikisa kichwa.

Nimesoma maelezo yao mara mbili na nimebaki palepale. Uchaguzi niliouzoea ni wa vyama vyetu vya wanataaluma: jioni ya kuamkia kura kuna mahali pana nyama choma, na kwa kuangalia nani kakaa meza ya nani, unalala ukijua mshindi. Hapa hakuna nyama. Kuna aya tatu tatu na picha mbili za watu wanaotabasamu.

Wenye uzoefu, mtu wa kutuongoza kwenye uendelevu anapimwaje? Mwisho wa kupiga kura ni Ijumaa.

Chuma cha Pua

Mpe aliyekuja kwenye picha akiwa na baiskeli. Kazi imeisha.

Nyakanga

Mwalimu, umeuliza swali zuri ila umelishika kwa upande wa makali. Nimekaa ndani ya kamati za chama hicho miaka kadhaa, ngoja nikuoneshe mlango.

Huyo unayempigia kura hapewi uenyekiti mwaka huu. Divisheni zile zina ngazi ya miaka mitano. Mtu anachaguliwa mara moja, kisha anapanda kidato kimoja kila mwaka. Mwaka wa kwanza anasimamia warsha zile za mwanzo wa mkutano. Wa pili anasimamia ratiba nzima ya mada. Wa tatu ni mwenyekiti mteule. Wa nne ndiyo anakuwa mwenyekiti. Wa tano ni mwenyekiti aliyepita, anabaki kutoa ushauri na kumalizia viporo.

Kwa hiyo leo unamchagua mtu atakayekuwa mwenyekiti miaka mitatu baadaye. Na kabla hajafika huko, huyo mtu atakuwa karani wako. Sisemi kwa dharau. Mwaka ule wa pili niliwahi kumwona mwenzangu akiishi kama mama lishe wa stendi: mada zinaingia kwa mamia, kila moja inatakiwa ipate wahakiki, yaani wasomi wa kuisoma na kuipima, wahakiki nusu wanakaa kimya, wanaojibu wanajibu siku imeshapita, halafu makao makuu yanakuambia divisheni yako ina saa kadhaa tu za vikao, pangilia. Mtu anapanga mada za nishati, za maji, za taka, anakuta moja imebaki haina ndugu. Akiikosea inawekwa saa mbili asubuhi siku ya mwisho, watu wameshabeba mabegi. Aliyeandika ile mada amekopa nauli kutoka Kampala.

Ndiyo maana mimi kwenye kura zile nilikuwa nauliza swali moja tu: huyu akiandikiwa barua pepe na mtu asiyemjua, anajibu? Maono yake ya dunia nilikuwa nayasoma baadaye.

Mwalimu wa Zamu

Nyakanga, hii ya ngazi sikuijua. Miaka miwili iliyopita nimepiga kura nikidhani nachagua mwenyekiti wa kesho yake. Asante sana.

Bi Mizani

Niko Nairobi, nafundisha uhasibu na mambo ya ripoti za uendelevu. Naomba nimpinge huyo mgombea wa pili, ingawa najua nitaonekana adui wa mazingira.

Hesabu yenyewe siikatai. Kutoka Nairobi mpaka Chicago, walikokutana 2024, ni kilomita zaidi ya 12,000 kwenda tu. Hewa ukaa ya kiti kimoja kwenda na kurudi inazidi mbali ile anayotoa Mkenya au Mtanzania wa kawaida mwaka mzima, maana sisi kwa kichwa hatufiki hata nusu tani. Sawa.

Lakini tuangalie nani anaruka. Wale maelfu wengi wao ni wa hukohuko Amerika ya Kaskazini na Ulaya. Profesa wa Boston anajulikana, ana miaka ishirini ya kupeana mikono na wahariri, akikaa nyumbani mwaka mmoja hapotezi kitu. Mimi nilienda mara moja maishani mwangu. Siku ya pili nilikaa kwenye ngazi nakula ndizi kwa sababu chakula cha pale kilikuwa bei ya kodi yangu ya wiki, akaja mama mmoja akakaa pembeni, akaniuliza natafiti nini. Kumbe ni mhariri wa jarida. Ile makala yangu ilitoka mwaka uliofuata. Jambo hilo halitokei kwenye skrini, kwa sababu kwenye skrini hakuna ngazi.

Ukisema "tupunguze safari" bila kusema za nani, watakaopunguzwa ni wale ambao chuo chao kilikuwa kinatafuta sababu ya kuwanyima nauli. Mkuu wa idara ataniambia, "Si unaweza kuhudhuria mtandaoni?" Na bando nitanunua mwenyewe.

Kwa hiyo Mwalimu, mwandikie. Muulize: safari za nani?

Kisima Kirefu

Bi Mizani, nakuheshimu dada yangu, lakini wewe ulipata viza.

Mimi wa Unguja. Nimeomba mara mbili, mara mbili nimekataliwa, na mara ya pili mada yangu ilikuwa imeshakubaliwa na jina langu limo kwenye ratiba. Nilikaa dirishani dakika zisizofika tano. Barua ya mwaliko yule bwana hakuifungua hata kidogo. Nilirudi na boti ya mchana na suti ikiwa bado kwenye mfuko wa dobi.

Mara ya kwanza mimi kusikika kwenye mkutano ule ilikuwa 2021, wakati wa korona, walipoufanya wote mtandaoni kama 2020. Zamu yangu ilinikuta saa nane usiku kwa saa za kwetu. Nilijifungia jikoni ili nisiwaamshe watoto, feni nimezima kwa sababu ya kelele, jasho linanitiririka, nyuma yangu nimetundika kanga kuficha masufuria. Watu kumi na moja walinisikiliza. Mmoja aliniandikia baadaye na tunashirikiana mpaka leo.

Wewe una ngazi yako na ndizi yako, mimi nina kanga yangu. Korona ilipoisha walirudi mahotelini, na mimi nikarudi kuwa jina kwenye ratiba.

Bi Mizani

Nimekusoma kaka. Hiyo ya dirishani imeniuma. Hebu niifikirie.

Mbeba Boksi

Mimi si msomi wa menejimenti, ni fundi wa mabomba huku Denmark, ila mke wangu ni mwanachama. Mkutano wao wa Julai 2025 ulikuwa hapahapa Copenhagen, na kwa alivyonieleza ndiyo mara ya kwanza mkutano wao mkuu wa mwaka unatoka nje ya Amerika ya Kaskazini tangu chama kianzishwe. Miaka karibu tisini! Kanada walikuwa wanakwenda, lakini kuvuka bahari hapana.

Wageni wetu wawili wa kutoka nyumbani tuliwalaza sebuleni. Kula ugali kwetu, asubuhi treni. Wote wawili walisema viza ya huku ilikuwa na karatasi nyingi lakini walau ilitoka.

Swali langu la kifundi: kwa nini wasiwe wanahamisha mkutano? Maji yakigoma kufika chumba cha juu humlaumu mtu wa juu, unaangalia pampu imewekwa wapi.

Nyakanga

Mbeba Boksi, walishajaribu kidogo. Januari 2013 chama kilifanya kongamano maalumu Johannesburg, tofauti na mkutano wa mwaka. Na Waafrika wenyewe walishaunda chama chao, Africa Academy of Management, mwaka 2011, ambacho kilikutana Nairobi 2016. Mwalimu, kama hujajiunga huko, jiunge. Nauli ya basi inatosha ukibahatika.

Ila kuna jambo lingine ambalo kwenye maelezo ya wagombea huwa halisemwi, nalo ni mamlaka. Mwenyekiti wa divisheni hahamishi mkutano mkuu. Mji unapangwa makao makuu miaka mingi kabla, na mikataba ya hoteli inakuwa imeshasainiwa. Mgombea anayekuahidi kupunguza ndege anakuahidi kitu ambacho funguo zake hana. Anaweza kuomba, anaweza kushawishi wenyeviti wenzake, anaweza kupanga vikao vya divisheni yake vizuri zaidi. Basi.

Mfano wa mipaka yenyewe. Mwishoni mwa Januari 2017 Trump alitoa amri ya kuwazuia raia wa nchi saba kuingia Marekani, Somalia na Sudan zikiwemo. Mkutano wa mwaka ule ulipangwa Atlanta, Agosti. Wanachama wakataka chama kitoe tamko. Ikaonekana kanuni za chama zinakataza kuchukua msimamo wa kisiasa kwa jina la chama, hivyo rais wa wakati huo, Anita McGahan, alikuwa amefungwa mikono. Watu walinuna, wengine wakasusa. Baadaye kanuni ikalegezwa.

Sasa jiulize wewe mtu wa mazingira. Tabianchi ni sayansi au siasa? Siku serikali fulani ikifuta sheria ya kuzuia uchafuzi, kiongozi wa ONE atasema kitu, au atasema kanuni hazimruhusu? Hilo ndilo ningemuuliza yule wa kwanza mwenye machapisho mengi. Anajua mengi, sawa. Atafungua mdomo?

Chuma cha Pua

Nyakanga anashusha nondo kama analipwa kwa kilo.

Mkulima Msomi

Nimepita kimya muda mrefu, hapa imebidi niingie.

Mnajua hiyo divisheni ya ONE ilitokana na nini? Mmoja wa waasisi wake ni Paul Shrivastava, mzaliwa wa Bhopal, India. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984 kiwanda cha dawa za wadudu cha Union Carbide kilivuja gesi mjini kwao, maelfu wakafa, wengi wakiwa usingizini. Yeye alikuwa tayari msomi wa mikakati ya biashara Marekani. Akaacha kuandika yale ya kupanga faida na kushindana sokoni, akaanza kuuliza kampuni inawezaje kuua mji na vitabu vya menejimenti visiwe na hata sura moja ya kueleza. Katikati ya miaka ya tisini watu wa aina yake wakawa wamejikusanya ndani ya chama.

Kwa maana hiyo ONE imetoka mahali palipoungua, kwenye mji wa watu maskini. Ndiyo maana huwa nashangaa mifano ya darasani ikiwa ni kampuni za magari ya umeme tu.

Njooni Babati. Msitu wa Duru-Haitemba ulitakiwa uwe hifadhi ya serikali, wanavijiji wakakataa, wakasema tutaulinda wenyewe. Miaka ya tisini hiyo. Vijiji vikagawana maeneo, vikaweka sheria ndogo, walinzi wakawa vijana wa palepale, na msitu ambao ulikuwa unakatwa ovyo ukaanza kurudi. Sheria ya Misitu ya 2002 ikaja kuupa utaratibu wa aina hiyo nafasi yake kisheria. Hiyo ni menejimenti au siyo? Kuna bodi, kuna bajeti, kuna adhabu, kuna mtu wa ukoo anayeomba apendelewe na anakataliwa.

Mimi kura yangu ningempa ambaye akisoma mada ya namna hii kutoka Babati haandiki "mchango wa kinadharia hauonekani" na kuitupa. Angalia wagombea wako wameshawahi kufanya kazi na nani. Orodha ya waandishi wenza inasema ukweli kuliko aya tatu.

Tumbo Joto

Hapa kwetu tulikuwa na kongamano la mazingira mwezi uliopita. Meza kuu, kila mheshimiwa chupa mbili za maji za plastiki. Begi la mgeni ndani yake kuna kalamu ya plastiki, faili la plastiki na kopo la plastiki. Nyuma ya meza kuu bango la plastiki la mita sita, limeandikwa TUTUNZE MAZINGIRA, na chini tarehe, kwa hiyo halitatumika tena. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, lakini bango si mfuko.

Niliuliza lile bango litapelekwa wapi. Mlinzi akaniambia yeye ameshaliwekea nafasi, anaezekea banda la kuku. Yule ndiye aliyekuwa na mpango.

Chuma cha Pua

Mlinzi apewe uongozi. Miaka mitano yote kwa mkupuo.

Mwalimu wa Zamu

Wakuu, narudi na mrejesho.

Nilifanya mlivyosema. Jumanne usiku niliwaandikia wote wawili, barua ileile. Maswali mawili: ukisema safari zipungue, unamaanisha za nani, na mtu aliyenyimwa viza huku mada yake imeshakubaliwa, divisheni yako itamfanyia nini. Swali la tatu la matamko nilimuuliza wa kwanza peke yake, kisha nikaona si haki, nikamtumia na wa pili.

Mmoja alijibu baada ya saa nne. Jibu lenyewe fupi, halina mapambo. Alisema kuhamisha mkutano hawezi (Nyakanga, umesikia?), ila kwa upande wa warsha, ambazo ndizo atakuwa nazo mwaka wa kwanza, atatenga angalau moja ya mtandaoni kwa saa zinazofaa Afrika na Asia, na atahitaji mtu wa huku wa kuipanga naye. Akauliza kama niko tayari. Kuhusu matamko alisema wazi kwamba hajui angefanya nini, na kwamba angewauliza wanachama kwanza. Lile "sijui" nililipenda kuliko nilivyotegemea.

Mwingine alijibu jana, ukurasa mzima, maneno mazuri sana. Nimeusoma wote. Safari za nani, sijaona.

Jana saa tano usiku nikakaa kupiga kura. Nimeingia, nimefungua ukurasa, LUKU ikakata. Kuku wa jirani nao wakaanza. Nikawasha data ya simu, nikaingiza nywila mara tatu kwa sababu vidole vilikuwa vinatetemeka kama nachagua rais wa nchi. Ikakubali. Kuna na wawakilishi wa kawaida wa kuchagua, hao niliwapigia kwa kuangalia waandishi wenza kama alivyosema Mkulima Msomi.

Nani nimempa, kura ni siri.

Bi Mizani

Siri gani tena na umeshasimulia yote.

Mwalimu, hiyo warsha ya mtandaoni ukimkubalia, niweke na mimi. Na umtafute Kisima Kirefu awe wa kwanza kuongea, saa za mchana, na feni ikiwa inazunguka.

Kisima Kirefu

Kanga nitatundika ileile.

Mkulima Msomi

Na wahakiki je? Mimi naweza kuhakiki mada za misitu na ushirika. Anajiandikishaje mtu?

Mwalimu wa Zamu

Mkulima, ni kwenye tovuti yao. Mada zinapokelewa mpaka Januari, na wahakiki wanaandikishwa kipindi hichohicho. Unachagua divisheni, unaweka maneno ya utaalamu wako, wanakuletea chache. Andika "misitu ya vijiji" kwa Kiingereza chao, usiandike "mazingira" peke yake, utaletewa magari ya umeme. Nikumbushe hapahapa Desemba, nitakuelekeza hatua kwa hatua.